Nyayo Mbili Kando ya Meza ya Presha

Saumu, nesi aliyeachiwa meza yangu, alinipigia simu wiki ya pili baada ya mimi kustaafu. Nikafurahi, nikadhani amenikumbuka. Kumbe alikuwa na fundi wa rangi amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Mzee Ndurya, shikamoo. Sakafu ya zahanati inapakwa upya. Hizi nyayo mbili nyekundu zilizochorwa kando ya meza ya presha, zifutwe au ziachwe? Na hasa ni za nini? Mwongozo unasema mgonjwa apimwe amekaa, na mimi nilikuona mara ngapi sijui ukiwasimamisha watu hapo."

Nikamwambia fundi asiziguse. Ni za nini, nikasema, nitakuandikia, maana kwa simu nitakueleza nusu na hiyo nusu utaisahau. Basi haya ndiyo maandishi yenyewe, Saumu, na wenzako wakitaka wasome. Humu hamna habari za vyeo wala mishahara. Vyeo vilinichelewea, na mishahara niliila kitambo.

Mimi ni mtu wa Mackinnon Road, kwenye malori na reli na vumbi. Nilipopangiwa kazi katika zahanati ile ndogo kati ya Msambweni na Gazi, nilifika na begi moja na Kiswahili cha kwetu kisicho na adabu nyingi. Asubuhi ya kwanza nilimwambia bibi mmoja kwenye foleni, "Kuja hapa ukae." Bibi hakusogea. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Mwanangu, kwanza shikamoo yako sijaisikia. Halafu hujanikaribisha. Ukimaliza hayo, nitakaa." Foleni nzima ikacheka. Isitoshe nilikuwa nesi mwanamume, jambo ambalo siku hizo kina mama wa huko walikuwa hawajalizoea. Wakaamua tu kuniita daktari ili mambo yawe rahisi. Nilijaribu kuwasahihisha kwa muda wa miaka mitatu, nikachoka.

Aliyenipokea alikuwa Sista Mishi, msimamizi wa zahanati, mzaliwa wa Msambweni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo ilitosha kuwanyamazisha watu ua mzima. Hakunionyesha stoo wala kabati la dawa. Alinionyesha benchi. "Kaa hapo," akasema, akaenda zake kufunga vidonda. Nikakaa. Saa moja, saa mbili, makalio yakafa ganzi, na hakuna aliyenisemesha. Aliporudi akaniuliza, "Umejifunza nini?" Nikamjibu kwa hasira kidogo kwamba nimejifunza benchi lina msumari. "Vizuri," akasema. "Wagonjwa wanakaa juu ya huo msumari tangu mwaka juzi na hakuna nesi aliyejua. Kachukue nyundo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifundisha. Alinikabidhi mashine ya presha ya zebaki, ile ya kisanduku, na nilipokwenda kuinyanyua kwa mkono mmoja alinipiga kofi la vidole. Ilikuwa ikibebwa kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga. Nyinyi mmezoea hizi za betri zinazopiga kelele na kuandika namba zenyewe. Sisi tulikuwa tukisikiliza. Unabonyeza mpira, zebaki inapanda, unaiachia pole pole, na sikio lako linangoja pigo la kwanza. Nilikuja kuipenda mashine ile kuliko baadhi ya jamaa zangu, na ilipoagizwa irudishwe kwa sababu zebaki ni sumu, niliifuta vizuri kabla ya kuifunga. Sioni haya kusema nilihuzunika.

Na sharti kubwa la Sista Mishi lilikuwa moja. Mgonjwa akae kwanza. Mgongo uegemee, nyayo zote mbili ziguse chini, asipishanishe miguu, asizungumze, dakika tano kamili. Watu walikuwa wakija kwa miguu kutoka mashambani, jua limewachoma, wengine wamegombana na majirani njiani. Ukimpima mtu kama huyo papo hapo utamwandikia presha asiyokuwa nayo, na atameza vidonge mpaka kufa kwake kwa sababu ya ugomvi wa kuku. Nililishika sharti lile kama dini. Hata chifu alipokuja, nilimkalisha dakika tano na kumnyamazisha, na kwake kunyamaza kulikuwa ndiyo adhabu.

Jumanne ikawa siku ya presha, na mimi nikawa mtu wa presha. Kila Jumanne nilisimama mbele ya benchi nikihubiri habari ya chumvi. Punguzeni chumvi. Acheni samaki wa ng'onda, waliokaushwa kwa chumvi na jua. Msitie chumvi mezani. Nilihubiri mpaka nikapewa jina, Bwana Chumvi, na watoto wa Gazi walikuwa wakinipigia kelele hilo nikipita. Sikukasirika. Angalau walikuwa wamesikia.

Mteja wangu mkuu wa Jumanne alikuwa Bi Mwanakombo, mjane wa Gazi, mwenye presha ya kupanda na moyo wa kwenda mbio. Alikuwa na dawa mbili, moja ya presha na nyingine ndogo, propranolol, tuliyokuwa tukiiita ya mapigo kwa kuwa huutuliza moyo. Kila nikimuuliza habari ya chumvi aliapa. "Wallahi, mwanangu daktari, chumvi nimeisahau hata rangi yake." Na huku kikapuni mwake ng'onda ananuka mpaka dirishani.

Alikuwa akija na mkaza mwanawe, Riziki, mke wa Juma. Juma alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, akija nyumbani mwisho wa wiki. Riziki alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba. Akimsindikiza mkwewe, watoto waliokuja kuchanjwa walikuwa wakiacha kulia wakamfuata yeye. Mimi binafsi nilikuwa nikimtegemea siku za chanjo, ingawa sikumwambia.

Kisha ukaja ule msimu wa homa ya viungo. Wengi mnaukumbuka, watu walitembea wameinama kama wanatafuta sindano. Zahanati ilijaa. Baada ya wiki chache wengi wakainuka, wakalalamika magoti, wakarudi baharini na mashambani. Riziki hakuinuka. Homa ilimtoka lakini nguvu hazikurudi. Akija na mkwewe sasa ni Bi Mwanakombo aliyemshika mkono, na mzee yule hakuupenda mpango huo hata kidogo.

Mara ya kwanza alipokuja kwa shida yake mwenyewe alinieleza taratibu, akitafuta maneno. "Daktari, nalala usiku kucha, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikifua siku moja, nalala siku tatu. Majina ya watoto darasani yananipotea. Na nikisimama, moyo unakimbia, macho yanaingia giza. Nikilala chini, nafuu."

Tulimpima malaria, damu, sukari, tukampeleka hospitali akapimwa na mengine. Yote safi. Nami nikafanya nilichokijua. Nikamkalisha kwenye benchi, mgongo ukaegemea, nyayo zikagusa chini, dakika tano, kimya. Presha nzuri, mapigo mazuri kuliko yangu. Nikachukua daftari lake, lile la shule ambalo kila mgonjwa huja nalo, nikaandika tarehe, namba, na neno moja: mzima. Nikampa vitamini.

Akaja mara ya pili. Benchi, dakika tano, namba nzuri. Mzima. Akaja mara ya tatu, na nakiri kwamba mara hiyo nilipomwona mlangoni nilipumua kwa nguvu ili asikie. Mzima, nikaandika, nikapiga mstari chini yake.

Sikujua kazi ambayo neno langu lilikuwa likifanya nyumbani kwa Bi Mwanakombo. Nyumba ile ilikuwa imeshajaribu kila kitu. Alinyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, akasomewa dua, akapelekwa kwa bibi mmoja aliyesema ana jini la pwani, na mwingine aliyesema ni la bara. Mwisho wake pakabaki jibu moja tu, uvivu. Maji ya kisima hateki, ufagio haushiki, chekechea haishi kuomba ruhusa. Na kila alipojitetea, mkwewe alikuwa akifungua daftari. "Daktari ameandika nini hapa? Soma mwenyewe, wewe si ndiye mwalimu?"

Ndipo vidonge vya Bi Mwanakombo vikaanza kupungua. Jumanne moja alikuja moyo unamdunda vibaya, na vidonge vyake vya mapigo vilikuwa vimekwisha siku kumi kabla ya wakati. Nikamuuliza kama anameza zaidi. Akaapa. Nikamuuliza kama ameviangusha. Akaapa tena. Nyinyi mnajua tabia ya kwetu, dawa za presha huazimwa kama chumvi. Jirani kichwa kinamuuma, anapewa kimoja. Shemeji amekasirika, anapewa kimoja atulie. Nikasema mbele ya benchi zima, "Nani anakula dawa za mama huyu?"

Riziki alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Akainua mkono, kama watoto wake wa chekechea. "Mimi," akasema. "Alinipa mwenyewe kimoja siku moja moyo wangu ulipokimbia, akasahau. Nikaona siku ile nimeweza kusimama mpaka watoto wakamaliza wimbo. Basi nikawa navunja nusu, siku za darasa tu. Nisamehe, mama. Nilitaka kusimama."

Ningekuwa na akili ningesikia. Maneno yote yalikuwa humo. Lakini mimi niliona dawa ya mgonjwa imeliwa na mtu niliyemwandikia mzima mara tatu, na damu ikanipanda. Nikamwambia kwa sauti ya mahubiri yangu ya chumvi, "Mtu mzima kabisa unamwibia mgonjwa dawa? Huna haya?"

Benchi zima likageuka kunitazama. Neno kuiba halitamkwi hivyo huko kwetu, mbele za watu, kwa mke wa mtu. Riziki alijifunika leso usoni, akajaribu kuinuka atoke, akashindwa, akakaa tena. Hata aibu yenyewe hakuweza kuikimbia. Bi Mwanakombo akamwangalia, kisha akaniangalia mimi, na sikulielewa jicho lile.

Walipokwisha kuondoka, mtu mmoja alibaki kwenye benchi. Alikuwa Sista Mishi. Alishastaafu miaka mingi, naye sasa alikuwa mgonjwa wangu wa presha, akija kila mwezi na kukaa dakika tano zake bila kuambiwa. Nikamfunga mpira mkononi. Akanyamaza mpaka nikamaliza, kwa kuwa sharti ni sharti. Kisha akaniuliza.

"Ndurya, yule mtoto umempima akiwa vipi?"

"Amekaa, Sista. Dakika tano. Kama ulivyonifundisha."

"Nilikufundisha kuwapima wenye presha ya kupanda. Yeye amekwambia anaumwa akiwa amekaa?"

Nikaanza kuukunja mpira.

"Nimekaa hapa nimesikia kwa masikio haya mazee," akasema. "Akilala nafuu. Akisimama moyo unakimbia. Wewe unamkalisha, unampumzisha, anapona mbele yako, unaandika mzima. Umempima amesimama?"

"La," nikasema.

"Basi hujampima." Akateremsha mkono wa kanzu yake. "Na ujue, Ijumaa baada ya sala wanakutana kwa Bi Mwanakombo. Kaka yake Riziki anatoka Mwabungo kuja kumchukua. Juma amesema kama ni mzima na hataki kazi, arudi kwao. Ushahidi wao ni daftari lako."

Nimefanya kazi katika kipindupindu na katika ajali za barabarani, lakini usingizi ulinikosa zaidi siku zile tatu. Ijumaa niliichukua mashine kwa mikono miwili, nikaenda Gazi kwa miguu.

Nilipopiga hodi walikuwa wamekwisha kaa barazani. Ami yake Juma, mzee wa familia, alikuwa katikati. Juma kainama, anachezea kamba ya kiatu. Kaka wa Riziki kakaa pembeni na uso wa mtu aliyekuja kubeba mzigo na kuondoka. Na mzigo wenyewe ulikuwa pale mlangoni, nguo zimefungwa kwenye leso mbili, na sufuria moja juu yake. Riziki alikuwa amelala mkekani ndani ya mlango, anasikiliza kesi yake akiwa amefumba macho. Bi Mwanakombo alinikaribisha kwa adabu, akaleta maji.

Ami alilichukua daftari akanifungulia. "Daktari, umekuja wakati mzuri. Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Hapa umeandika mzima. Hapa mzima. Hapa mzima, na umetia mstari."

"Ndiyo, Ami."

"Basi tuambie, huyu ana ugonjwa gani?"

Si rahisi mwanamume mwenye sare kusema maneno haya barazani kwa watu. "Sijui ana ugonjwa gani," nikasema. "Ninachojua ni kwamba nilimpima vibaya mara tatu. Naomba ruhusa nimpime tena hapa, mbele yenu."

Ami akakubali. Nikampima Riziki akiwa amelala, nikasoma namba kwa sauti wote wasikie. Mapigo sabini na nne. Kisha nikamwomba asimame, bila kuegemea ukuta wala kushika mlango, na kaka yake asimame nyuma yake tayari kumdaka. Hapo likanijia jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote. Nikamwita Bi Mwanakombo.

"Mama, njoo. Weka vidole hapa, chini ya kidole gumba chake. Wewe unaujua moyo unaokwenda mbio kuliko mtu yeyote hapa. Mimi nitaangalia saa. Wewe sikiliza."

Akaja kwa shingo upande, akaweka vidole. Dakika ya kwanza uso wake ulikuwa vile vile. Dakika ya tatu alikunja kipaji cha uso. Dakika ya tano alinong'ona, "Subhanallah." Mimi kwenye mkono wake wa pili nilikuwa nahesabu mia na kumi na nane, na presha yenyewe haikuwa imeshuka kitu. Midomo ya Riziki ikapoteza rangi, vidole vikawa zambarau, jasho likamtoka, lakini hakuegemea. Dakika ya nane, mia na thelathini na moja, magoti yakaanza kucheza.

"Mshikeni!" akapiga kelele Bi Mwanakombo. "Mshikeni, mtoto anakufa na nyinyi mnaangalia! Moyo wake unakimbia kuliko wangu! Juma, wee Juma, lete mto!"

Tukamlaza, miguu juu ya ule mzigo wa nguo. Baada ya dakika chache moyo ukarudi ulikotoka. Bi Mwanakombo hakumwachia mkono. Alikaa naye mkekani, vidole bado viko pale pale, machozi yanamtoka. "Mimi hali hii hunijia mara moja kwa mwezi, na nyumba nzima huiamsha," akasema. "Na wewe kila siku? Kila siku nikikwambia kateke maji?"

Riziki akasema, "Kila siku, mama."

Nikalichukua daftari nichane ule ukurasa. Riziki akafumbua macho. "Usichane, daktari. Andika chini yake." Nikaandika, nikisoma kwa sauti: Nilikosea. Mgonjwa huyu si mzima. Apimwe amesimama. Ami akachukua kalamu yangu, naye akatia sahihi yake chini kama shahidi. Na Bi Mwanakombo akamwambia yule kaka kutoka Mwabungo, "Mwanangu, chai utakunywa, mzigo hutabeba. Ufungue."

Juma aliinuka, akachukua ndoo mbili, akaenda kisimani mchana kweupe, wanaume wenzake wakimcheka njia nzima. Nikaanza kumheshimu.

Sasa habari ya dawa, na hapa, Saumu, soma polepole. Nilimpeleka Riziki hospitali ya Msambweni kwa daktari kijana aliyekuwa na subira. Alimpima upya, amelala na amesimama, akampeleka kupimwa moyo. Kisha akatuambia huu unaitwa uchovu sugu, huja wakati mwingine baada ya homa, na tiba yake haijapatikana. "Kuna madaktari wanaojaribu dawa za presha kwa wagonjwa wa namna hii," akasema, "hasa wale ambao moyo hukimbia wakisimama. Wengine husaidika. Wengine hawaoni tofauti. Wengine huzidi kuchoka. Wataalamu bado wanabishana, na mimi sitawadanganya." Nilimuuliza inakuwaje kumpa dawa ya presha mtu asiye na presha. Akasema hatuitafuti presha hapa, tunautafuta moyo uache kukimbia, ili damu ipate nafasi ya kufika kichwani. Dozi ndogo mno, na baada ya kuhakikisha hana pumu, maana mwenye pumu dawa ile inaweza kumuua. Hapo nikakumbuka kwamba Riziki alikuwa akivunja nusu gizani bila mtu kumuuliza habari ya pumu, na mimi nilichokiona peke yake ni wizi.

Halafu yule kijana akaongeza, bila kujua anazungumza na nani, "Na anywe maji mengi, na aongeze chumvi."

"Aongeze nini?"

"Chumvi, Mzee. Nyingi kidogo."

Wagonjwa wangu waliipata habari hiyo kabla sijafika kituoni. Jumanne iliyofuata benchi lilinipokea kwa vicheko. Bwana Chumvi ameasi dini yake! Bi Mwanakombo ndiye alikuwa wa kwanza kusimama. "Miaka yote hii unaninyima mimi, leo unampa huyu? Na chungu chetu ni kimoja!" Ilikuwa hoja ya kweli. Tukakubaliana chungu kipikwe bila chumvi, na Riziki atiliwe yake kwenye sahani. Mfuko wa chumvi ukakabidhiwa Bi Mwanakombo mwenyewe. "Kama ni dawa," akasema, "basi nitampa mimi kwa mkono wangu." Aliufunga kwenye pindo la leso, akawa anamnyunyizia kila mlo kama nesi. Nina hakika alikuwa akilamba vidole, lakini presha yake ilishuka, nami nikanyamaza.

Riziki hakupona. Nisije nikapamba maneno nikawaongopea. Nusu kidonge, maji, chumvi, na kujua mwisho wa nguvu zake kabla hazijaisha, hivyo vilimrudisha chekechea siku tatu kwa wiki, akifundisha kwenye kiti na kusimama wakati wa wimbo. Kuna wiki alilala zote. Baadaye niliwapeleka wengine wawili wenye uchovu kama wake kwa daktari yule yule. Mmoja dawa ilimlegeza zaidi, ikabidi aachishwe pole pole. Kwa hiyo msije mkasema Mzee Ndurya ameandika dawa ya mapigo ni tiba ya uchovu. Nilichoandika ni kwamba msikilizeni mtu anaumwa akiwa vipi, na mumpime akiwa vile.

Tangu hapo kila aliyekuja na kizunguzungu au uchovu usioelezeka nilimpima amelala, kisha amesimama. Shida ni kwamba watu wakiambiwa simama huegemea meza, na ukiegemea namba zinaharibika. Riziki aliliona hilo. Siku moja akaja na kopo la rangi nyekundu la chekechea, akavua viatu, akasimama hatua moja kutoka mezani na ukutani, akamwambia mtoto mmoja azungushe brashi miguuni mwake. Ndiyo nyayo hizo. Ni zake. Mkaguzi mmoja alipokuja akaniuliza ni vifaa vya mradi gani, nikamjibu ni vya mradi wa mwalimu wa chekechea, akaandika.

Sista Mishi alifariki kabla sijastaafu. Mara yake ya mwisho kwenye benchi alizitazama nyayo zile kwa muda, akasema, "Umechafua sakafu yangu." Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa, na nimeitunza kuliko cheti chochote.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Jumanne, nilihakikisha hivyo. Kulikuwa na soda, na hotuba ambayo wewe Saumu uliisoma vizuri. Wengine walipokuwa wakila, Riziki aliingia na Bi Mwanakombo, na lile daftari, limeraruka jalada, limebaki ukurasa mmoja. "Daktari," akasema, "sitaki ukurasa huu uandikwe na mtu mwingine."

Nikampima amelala. Kisha akavua viatu, akakanyaga nyayo zake mwenyewe, zikamkaa sawasawa. Bi Mwanakombo hakungoja kuitwa, alishaweka vidole. Nikaangalia saa. Dakika tano. Dakika nane. Dakika kumi. Moyo wake ulipanda kidogo, ukatulia pale pale. Alikuwa amechoka, naliona hilo, na nilijua kesho yake atalala kutwa. Lakini midomo ilikuwa na rangi yake.

"Unakwenda taratibu," Bi Mwanakombo akatangaza, kama anasoma taarifa ya habari.

Nikachukua kalamu, nikaandika namba. Riziki akanyoosha shingo kutazama.

"Na neno, daktari. Zamani ulikuwa ukiandika na neno."

Nilimuuliza niandike nini, maana lile la zamani nilikuwa naliogopa, na kinyume chake sikutaka kumwachia kama kumbukumbu yangu ya mwisho. Akacheka, bado kasimama, mikono kaiachia, hajaegemea kitu.

"Andika unachokiona."

Nikaandika: Amesimama. Nikatia sahihi.